Fimbo Ishirini na Mbili

Kabla hujamtembeza mtu, mtazame miguuni. Usoni atakudanganya. Usoni kila mtu ni mzima, kila mtu amezoea kutembea, kila mtu kwao kuna milima. Ukweli uko miguuni. Nilipata kumpokea bwana mmoja kutoka Dar es Salaam aliyeniambia kwamba yeye hukimbia kila alfajiri, na chini amevaa viatu vyeupe, vipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa kwenye soli. Nikamwambia, bwana, huko tunakokwenda viatu hivi vitarudi na rangi ya kiboko. Akacheka. Tuliporudi hakucheka, na kiatu kilikuwa kimoja.

Haya nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa kutembeza watu kwenye njia zetu za Ruvu, mnaokuja kibarazani kwangu mmoja mmoja kuniuliza mambo, kisha mkifika kwenye kona mmesahau nusu yake. Nimeona niyaweke kwenye karatasi ili mkisahau tena msinisingizie kwamba sikusema. Jina langu mnalijua, Salehe, na jina la mtaani mnalijua zaidi: Mara Mbili. Wapo wanaodhani ni jina la uchoyo. Hapana, ni jina la stendi. Ujana wangu niliumalizia kwenye stendi ya Bagamoyo nikiita abiria, na pale ukihesabu mara moja umeibiwa, ukihesabu mara tatu gari limeondoka. Mara mbili ndiyo kipimo. Tabia hiyo nikaenda nayo sokoni, nikaenda nayo msibani kwenye sahani za pilau, na mwishowe nikaenda nayo mikokoni, ambako nusura nimpoteze mtu. Hilo ndilo hasa nataka kuwaeleza, lakini nitalifikia kwa mwendo wangu. Mtembezaji anayekimbilia mwisho wa safari hufika peke yake.

Wakati naanza, njia haikuwepo. Kulikuwa na mji, kulikuwa na mashamba ya chumvi, kulikuwa na mikoko, na nyuma ya mikoko mto na viboko wake. Wageni walikuja, wakatazama majengo ya kale, wakala samaki, wakaondoka. Basi ikaundwa kamati ya kutengeneza njia ya miguu, itoke mwisho wa mashamba ya chumvi, ipite ndani ya mikoko, itokeze ukingoni mwa Ruvu. Wataalamu wakaja na ramani. Kwenye ramani njia ilikuwa imenyooka kama rula. Mimi walinichukua kwa sababu nilijua kusema na watu. Kuhusu mikoko nilijua kwamba inatoa boriti za kuezekea nyumba, basi.

Aliyenifundisha mikoko ni Bi Mwanahawa. Wengi wenu mmemkuta amekwisha kuwa mtu wa kukaa ndani, lakini enzi zake yeye na wenzake walikuwa wakiingia kwenye vijito vile kutanda uduvi, wameshika nguo pembe kwa pembe, maji kiunoni, tangu wakiwa wasichana. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimeachana kama vya bata, na hakuwahi kuteleza mbele yangu hata siku moja. Nilipomwomba anionyeshe njia alikubali kwa sharti kwamba nimbebee kikapu. Nikamwambia sawa, nitambebea wakati wa kwenda. Akasema yeye anataka wakati wa kurudi. Tofauti mtaiona wenyewe. Tulivutana kibarazani pale hadi chai ikapoa, na tulipomaliza nilikuwa nabeba kwenda na kurudi. Nilikuwa mtu wa stendi, nikidhani najua kupatana.

Kabla sijaanza kumsikiliza vizuri, nilitaka kumwonyesha kwamba na mimi nina akili zangu. Siku moja, kwenye majani marefu karibu na mto, nikakuta njia nzuri, pana, imekanyagwa sawasawa, haina kisiki wala mwiba. Nikaipima kwa hatua. Nikaipima tena. Nikamwendea mbio kumweleza kwamba nimeiokolea kamati kazi ya wiki nzima, njia nimeipata imekwisha fyekwa. Akaja, akaitazama, akashika kiuno.

"Salehe mwanangu," akasema, "na hukujiuliza aliyeifyeka ni nani, na anarudi saa ngapi?"

Ilikuwa njia ya kiboko, ya kupandia malishoni na kurudia majini. Kiboko hana neno na mtu aliyekaa kando. Neno lake ni kwa yule anayesimama kati yake na maji, na mimi nilikuwa nimekusudia kuwasimamisha hapo wageni kwa makundi wapige picha. Ndiyo maana njia yetu ina kona pale ambayo kwenye ramani haieleweki. Mgeni akiwauliza kwa nini tunazunguka, mwambieni kiwanja kina mwenyewe.

Sasa maji. Simu zenu zinawaambia saa ya maji kujaa na saa ya kupwa, na ni vizuri, sisi tulipoanza hatukuwa nazo. Lakini simu haiko kwenye tope. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, saa nne za asubuhi bahari iko mbali kabisa, na saa kumi alasiri imejaa pomoni. Kile kijito cha katikati ya njia mnakijua, chenye daraja la boriti nne. Siku za maji mafu, yasiyopanda sana, daraja hilo halilowi. Siku za bamvua, kuanzia saa saba hivi linaanza kuzama, na ukichelewa kidogo hulioni. Bi Mwanahawa hakunifundisha saa, alinifundisha kaa. Wale kaa wadogo wekundu waliojaa kwenye tope, ukiona wanaingia mashimoni na kuziba milango kwa udongo, maji yamekwisha geuka hata kama wewe hujayaona. "Kaa akifunga mlango," alikuwa akisema, "na weye funga safari."

Upande wa mjini, ukitoka darajani, njia ilikuwa haina budi kupita kwenye minazi ya Mzee Kombo. Kamati ilimwendea mara tatu ikarudi mikono mitupu. Nikaenda mimi, nimejiandaa kama mtu anayekwenda kununua ng'ombe. Nikaanza na habari za nyumbani, nikaingia kwenye habari za mvua, nikasifu minazi, nikaiponda minazi. Mwishoni nikamwuliza anataka nini. Akasema watu wanapita kwenye mashamba ya wenzao siku hizi kama mbuzi, hata kusalimia hawasalimii. Yeye hataki kitu. Anataka kila anayepita amsalimie.

Nikamwuliza, wote? Akasema wote. Nikamwuliza, na Wazungu? Akasema kwani wao hawana midomo.

Kwa hiyo ushuru wa njia ile ukawa shikamoo, ya kwenda na ya kurudi. Niliwafundisha wageni wa kila nchi. Mzee Kombo alikaa kwenye kiti chake cha kamba mbele ya nyumba, akaitikia marahaba kwa kila mmoja huku akimtazama usoni, hakumruka mtu. Aliyesahau alirudishwa. Siku moja akapita mgeni mmoja wa Kijerumani, mkongwe, mgongo umepinda, akamwinamia, shikamoo. Mzee Kombo akakataa kuitikia. Akaniambia mkalimanie huyu, huyu ni kaka yangu, asinitie dhambini. Wakabaki wanashikana mikono tu, kila mmoja anangoja mwenzake awe mdogo.

Kisha benchi. Tulikuwa na mbao za benchi moja. Kamati ilitaka liwekwe mtoni, kwenye mandhari. Na mimi nilitaka mtoni. Bi Mwanahawa akatupeleka ng'ambo ya kijito, hatua kama mia kabla ya daraja unaporudi, kwenye kituta cha mchanga katikati ya mikoko ya mchu, mahali ambapo ukikaa unatazama tope na ukigeuka unatazama tope jingine. Akasema hapa. Nikamwambia Bi, hapa mtu atatazama nini? Akasema benchi si la kutazamia, ni la kuchokea, na mtu anayerudi kutoka mtoni huchokea hapa. Nilijaribu kupatana naye kila njia niliyoijua, hata nikamwahidi kikapu kwa mwaka mzima zaidi. Alishinda. Kwa miaka nililionea haya benchi lile. Wageni wakiuliza, nilikuwa nikisema fundi alikosea.

Na hapa ndipo ninapofikia kwenye fimbo.

Safari yangu ya kwanza yenye kundi kubwa Bi Mwanahawa alikuja kunitazama. Nikawapanga wageni, nikanyoosha kidole, moja, mbili, tatu, kama stendi. Akanipiga kofi kwenye kidole. Hakunipigia mbali, pale pale mbele ya wageni. Mnajua wazee wetu, ukiwauliza wana watoto wangapi hawakutajii hesabu, watakwambia Mungu kawajalia. Mtu hahesabiwi kwa kidole. Ukimhesabu unampunguza. Nikamwambia, Bi, lakini hata konda anahesabu watu. Akasema konda anahesabu siti.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Siwezi kuingiza watu mikokoni bila kujua wangapi wametoka, na siwezi kumkosea Bi Mwanahawa, ambaye hata hivyo nilikuwa nikimbebea kikapu. Ndipo akaniambia nikate fimbo za mwanzi, urefu mmoja, kila mtu apewe yake. Fimbo inamsaidia kwenye tope, na mimi nahesabu fimbo. Hajahesabiwa mtu. Niliona ni akili kubwa sana. Bado naona hivyo. Mtu mmoja, fimbo moja, mara mbili kwenye kila kituo, na kwa miaka mingi hazikupungua wala kuzidi.

Akina mama wa Kiwangwa walikuja siku ya bamvua. Kilikuwa kikundi cha wakulima wa mananasi, watu wa hapa hapa wilayani, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wamewahi kukanyaga maji ya chumvi. Walishuka kwenye gari wakiimba. Nikagawa fimbo ishirini na mbili. Fimbo ya mwisho akaichukua mama mmoja aliyenizidi kama miaka kumi, mnene kidogo, goti moja bovu, kanga ya kijani. Nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba, mdogo wangu," kisha akaniuliza kama fimbo hii ni ya kutembelea au ya kunichapia nikiwapoteza. Huyo ndiye Bi Tatu. Alikuja na mkwewe Zuhura, mke wa mwanawe, binti wa maneno machache na miguu mizuri. Niliitazama, kama nilivyowaambia.

Kwa Mzee Kombo walimwamkia wote, mmoja mmoja, kwa adabu. Bi Tatu akapita wa mwisho. "Shikamoo, mzee. Hayo meno ni yako mwenyewe au umeazima?" Mzee Kombo, ambaye sikuwa nimemwona akicheka mwaka ule, alisahau kuitikia, ikabidi aitikie tukiwa tumekwisha mpita.

Mtoni walikaa sana. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, niliwaonea huruma, walikuwa na furaha. Bi Tatu alimtazama kiboko kwa muda mrefu, akasema mwili wote ule na kazi hana, angekuwa Kiwangwa wangempa jembe. Tulipoanza kurudi nilitazama chini, nikaona kaa wanaziba milango. Nikawahimiza. Tukapita benchi haraka haraka. Nikatangulia nikasimama darajani, maji yakiwa yamefika kwenye boriti lakini hayajapanda, nikawavusha mmoja mmoja nikitazama fimbo zinavyopita. Ishirini na mbili. Ng'ambo nikawaambia wazinyanyue, nikahesabu tena. Ishirini na mbili. Moyo wangu ukatulia kabisa. Nakumbuka utulivu ule, na mpaka leo unanitia aibu.

Tukafika kwa Mzee Kombo. Wakamwamkia wote. Akaitikia, akaitikia, akaitikia, kisha akaendelea kutazama njiani nyuma yetu.

"Yule wa meno yuko wapi?"

Nikamwambia mzee, wote wapo, nimehesabu mara mbili.

"Umehesabu nini?" akaniuliza.

Niligeuka. Zuhura alikuwa amesimama katikati ya wenzake na fimbo moja kila mkono, anaitazama mikono yake kama si yake. Mama mkwe alimpa amshikie fimbo pale kwenye benchi, akamwambia tangulieni, naingia kichakani mara moja. Zuhura akatangulia. Hakutaka kumsimamia mkwewe, na adabu hiyo nyote mnaielewa. Akadhani yuko nyuma na wengine, na wa nyuma wakadhani yuko mbele na Zuhura. Na mimi, niliyekuwa nalipwa kwa ajili ya kudhani vizuri kuliko wao, nilihesabu mianzi.

Zuhura hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Baba, mama hajui kuogelea." Akalisema mara mbili.

Nilimpa simu na viatu. Mitumbwi yote ilikuwa imetoka, hakukuwa na wa kumwita. Mzee Kombo akasema atawaweka akina mama kibarazani kwake, nami nikipata habari ninyanyue kofia yangu juu ya fimbo, yeye atakuwa darajani anatazama. Nikashika fimbo moja nikakimbia. Daraja lilikuwa limekwisha zama. Niliingia nikizitafuta boriti kwa vidole vya miguu, maji kiunoni, kisha kifuani, yananisukuma kwa ubavu bila kelele yoyote. Siku ile ndiyo nilielewa vidole vya Bi Mwanahawa vilivyoachana vilikuwa vya nini. Nilipatana na Mungu njia nzima. Nilitoa ahadi ambazo nyingine mpaka leo nazilipa kidogo kidogo.

Ng'ambo nikaanza kuita. Bi Tatu. Bi Tatu. Mikoko inameza sauti, hairudishi kitu. Njia yote ilikuwa maji ya magoti, na kila kisiki cheusi nilikiona kanga.

Nikamkuta kwenye benchi.

Amekaa, miguu ameipandisha, kanga ameikunja mapajani, na maji yamekizunguka kituta kote kama kikombe kwenye sahani. Alinitazama nikija, nimelowa mpaka kofia.

"Weye mtu," akasema, "mbona unapiga kelele? Nimekaa tu."

Nilikaa na mimi. Ndipo nikaona mikono yake, imeishika ile kanga kwa nguvu. Akaniambia alipotoka kichakani hakumwona mtu, akafuata njia, akatia mguu majini akakuta chini hakuna chini. Akarudi nyuma. Akaogopa sana. Akajiambia asiendelee kutafuta njia, akae mahali ambapo watu hukaa, watamkuta. Benchi hilo. Lililokosewa na fundi.

Nilipanda ukingoni mwa kituta nikanyanyua kofia juu ya fimbo, nikaona mkono wa Mzee Kombo unajibu kule mbali. Kisha nikamwambia Bi Tatu nitambeba mgongoni tuvuke kabla maji hayajazidi. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema yeye ni magunia mawili yaliyojaa, na mimi nina mgongo wa mpiga debe, tutazama wote wawili wapate msiba mmoja wa gharama ya miwili. Nikajaribu kumshawishi. Akasema tukae. Hapo nami nikakumbuka yale maji ya kifuani, nikaona anasema kweli. Tukakaa.

Tulikaa mpaka maji yalipoanza kurudi. Tulitawadha kwenye maji hayo hayo yaliyotufunga, tukaswali adhuhuri, na baadaye alasiri, mimi mbele, yeye nyuma, kwenye mchanga usiozidi ukubwa wa chumba. Alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye pindo la kanga, akakigawa nusu kwa nusu, akanipa ile kubwa. Karibu na saa kumi maji yalifika kwenye miguu ya benchi. Nikaweka alama kwenye mbao kwa ukucha. Nikaitazama. Nikaitazama tena. Yalipanda vidole vinne, yakasimama hapo kama mtu aliyekatazwa. Nikamsikia anashusha pumzi.

Hofu ilipomtoka akaanza kuzungumza. Alinieleza habari za mananasi, kwamba nanasi halisikilizwi kwa kupigwapigwa kama wanavyofanya watu wa mjini sokoni, linanuswa kitakoni. Akanieleza watoto wake, bila hesabu. Kisha akatazama lile tope lililokuwa sasa bahari.

"Nikwambie jambo, mdogo wangu, usinicheke. Baada ya kuogopa niliona raha. Tangu nimeolewa sijakaa mahali ambapo hakuna anayeniita. Nikiwa jikoni naitwa, nikiwa shamba naitwa, nikiwa nalala naitwa. Hapa palikuwa kimya. Nikasema, kumbe hivi ndivyo ilivyo." Akanigeukia. "Kisha nikasikia Bi Tatu, Bi Tatu."

Nikamwomba radhi. Kwa kumwacha, na kwa kumwita.

"Siku nyingine ukinikosa," akasema, "usije mbio namna hii, utavunjika. Jua nimekaa tu."

Jua lilikuwa linashuka tulipovuka, maji magotini, yeye ameshika bega langu na goti lake bovu halikulalamika hata mara moja. Akina mama walikuwa wamejaa kibarazani kwa Mzee Kombo, wamekwisha mfagilia uwanja mzima na kumpikia. Zuhura alimwona mkwewe akakaa chini palepale mchangani. Bi Tatu akampita, akamgusa kichwa, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti cha kamba. "Shikamoo, mzee. Meno bado hujayarudisha?" Mzee Kombo akaitikia taratibu, marahaba, kisha akatugeukia sote akasema, "Sasa wametimia."

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Mwanahawa kujishtaki. Nilimweleza kila kitu, nikamwambia na hukumu yangu mwenyewe, kwamba fimbo ndizo zilizoniponza, na kwamba kuanzia leo nitahesabu watu, nipunguze nisipunguze. Alikuwa akichambua mchele, hakunyanyua uso.

"Nilikwambia usiwahesabu," akasema. "Nilikwambia usiwatazame?"

Basi. Akanipa ungo nimalizie mchele.

Tangu hapo fimbo nimeendelea kugawa, na nyinyi mtagawa, kwa sababu tope bado ni tope. Lakini kabla ya kuondoka kaeni na wageni mjue nani anatembea na nani, nani mcheshi na nani mkimya, nani ana goti. Kila mmoja mpeni mwenzake wa kumuulizia. Mkiwa darajani msitazame mikono, tazameni nyuso. Na mcheshi wenu akinyamaza, simameni. Mzee Kombo hakuwahi kushika fimbo hata moja, na ndiye aliyejua.

Ile fimbo Bi Tatu aliondoka nayo. Alisema nimezoea kuzihesabu mno, heri nipungukiwe moja. Kila msimu wa mananasi ulileta mzigo kutoka Kiwangwa, na kwa sababu nawajua mtauliza, hapana, mananasi hayo sikuwahi kuyahesabu. Niliyanusa.

Safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu walikuja wao. Waliposhuka kwenye gari hawakuwa wanaimba, na kabla sijauliza nilikuwa nimekwisha jua, kwa sababu nilitazama. Zuhura akaja, nywele zake zina mvi sasa, akaniamkia, akaniambia mama alipumzika baada ya mavuno, usingizini, hakumsumbua mtu. Nilipomaliza kugawa fimbo ishirini na moja, yeye alikuwa ameshika mbili, kama siku ile. Moja niliyotoka kumpa mimi, na nyingine ya zamani, imekuwa nyeusi na laini mahali pa kiganja.

Tulipita kwa Mzee Kombo. Hasikii vizuri siku hizi, lakini anaona. Aliitikia salamu zote, akamtazama Zuhura, akaitazama ile fimbo, akaiitikia na yenyewe. Marahaba.

Wakati wa kurudi tulisimama kwenye benchi. Zuhura akaiegemeza fimbo ile pembeni, upande aliokuwa amekaa mkwewe. Kaa walikuwa wanaziba milango. Darajani nikatazama nyuso, kila mmoja na mwenzake, wote wapo. Halafu, mtanisamehe, mkono wa zamani hauachi, nikahesabu na fimbo. Ishirini na moja. Nikahesabu tena. Ishirini na moja, sawa kabisa, na miguu yangu ikageuka yenyewe kuelekea nyuma. Zuhura akanishika kiwiko akaniambia, "Baba, maji yanakuja."

Nikavuka.

Kwa hiyo mkipita pale na wageni wenu, mkakuta fimbo ya mwanzi imeegemea benchi, msiichukue kuongezea hesabu. Ina mwenyewe. Amekaa tu.